Mashini Haikufi Siku Moja

 

Kijana mmoja wa kanisa letu hapa Kalemie, anayemaliza mwaka wa sita wa sekondari, alinifuata nyuma ya ibada. Akaniuliza: “Pasta, nilisoma mu telefone kama kuna masomo ya uinjinia wa mifumo. Ile ni kazi gani? Ni ya kutengeneza nini?”

Nilimwambia ukweli. Mimi nilisoma katika shule ya Biblia, sikusoma mashini. Nikamwomba anipe majuma mawili. Nikaenda kuuliza wenye kujua, nikasoma kile nilichoweza kupata. Na kadiri nilivyosoma, haya ilianza kunishika. Ndani ya masomo yale niliona kosa langu mwenyewe, kosa la mashini ya kusaga ya wamama wajane. Basi jibu langu kwa kijana huyu liwe jibu kwenu wote.

MFUMO NI NINI?

Mfumo ni vitu vingi vilivyounganishwa ili vifanye kazi moja, kazi ambayo hakuna hata kimoja kati yao kinachoweza kuifanya peke yake. Mtume Paulo alifundisha jambo hilo kwa mfano wa mwili katika 1 Wakorinto 12. Jicho ni zuri, mguu una nguvu, lakini jicho peke yake halitembei na mguu peke yake hauoni njia.

Angalieni mgodi. Mgodi si shimo tu. Kuna pampu ya kutoa maji, kuna miti ya kushikilia udongo usianguke, kuna mizani, kuna kamiyo, kuna barabara, kuna mnunuzi, kuna muganga, kuna mke anayengoja nyumbani. Pampu ikisimama usiku, asubuhi maji yamejaa. Hapo hata kama kila mchimbaji ana nguvu za Samsoni, hakuna kazi.

Sasa, fundi wa pampu anajua pampu. Fundi wa umeme anajua umeme. Mwenye kamiyo anajua kamiyo yake. Lakini ni nani anayeangalia namna vyote vinavyoshikana? Ni nani anayeuliza pampu hii itakuwa na hali gani nyuma ya miaka mitano, na piesi zake zitatoka wapi? Ile ndiyo kazi ya mwinjinia wa mifumo. Hatengenezi kitu kimoja. Anatunza umoja wa vitu vyote, tangu siku ya wazo la kwanza mpaka siku ya mwisho.

Kazi hii ilianza kupata jina lake katika makampuni ya simu ya Marekani, katika miaka ya 1940. Waliona kama simu nzuri, waya mzuri na mitambo mizuri havitoshi kama haviongei pamoja. Nyuma yake ilikua sana katika kazi ya ndege, na katika safari za mwezini, ambako chombo kimoja kina mamilioni ya vipande. Mwaka 1990 wenye kazi hiyo walianza chama chao kule Marekani. Mwaka 2002 mashirika ya kimataifa ya viwango, ISO na IEC, yalitoa kanuni yenye nambari 15288, inayoeleza maisha ya mfumo.

Ndiyo, maisha! Kanuni ile inaonyesha kama kitu kilichotengenezwa kina maisha sawa vile mtu. Kwanza ni kuwaza: tunahitaji nini, na kwa ajili ya nani? Pili ni kuchora na kujaribu. Tatu ni kutengeneza. Inne ni kutumia. Tano ni kutunza, na hii inakwenda pamoja na kutumia, haiingoji imalizike. Sita ni kustaafisha, maana yake kukiondoa kazini kwa utaratibu. Wenye hekima wanawaza hatua zote sita wakiwa wangali katika ile ya kwanza.

Sisi tuliwaza hatua moja tu: kupokea.

MASHINI YA WAMAMA

Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu lilipata zawadi ya mashini ya kusaga, kwa ajili ya chama cha wamama wajane. Ilikuwa mashini mpya, yenye injini ya mazuti. Siku ya kuipokea tulichinja mbuzi. Kwaya mbili ziliimba. Mimi niliweka mikono juu ya injini nikaomba, na watu walipiga vigelegele mpaka jirani zetu wa makanisa mengine wakaja kutazama.

Kazi ilienda vizuri sana. Wamama walikuja na mihogo na mahindi tangu asubuhi, na kila beseni ililipiwa makuta kidogo. Wajane walipata sabuni, dawa na makuta ya shule ya watoto. Kila jioni hesabu ililetwa kwangu, na mimi niliiweka katika hazina ya kanisa.

Kijana aliyetunza injini alikuja mwezi wa tatu, akaomba makuta ya kubadilisha mafuta na filtri. Nilimwambia: “Ngojea kidogo.” Tulikuwa tunamaliza paa la biro ya kanisa, juu wageni wa mkutano mkubwa walikuwa karibu kufika. Akarudi mwezi wa tano. Nilimpa nusu. Akarudi mwezi wa nane, nikamwambia tutaliombea jambo lile. Nyuma ya hapo hakurudi tena, na mimi nilifikiri kama shida imekwisha.

Mwezi wa kumi na ine injini ilikaza. Tulimwita fundi mzee, mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika reli. Alifungua, akaingiza kidole, akakitoa cheusi kama lami. Nikamwambia kwa uchungu: “Baba, jana ilikuwa inasaga muzuri. Leo imekufa tu!” Akapangusa mkono wake kwa kitambaa, akaniangalia.

“Pasta,” akasema, “mashini haikufi siku moja. Hii ilianza kukufa tangu mwaka jana. Leo njo siku mumejua.”

Mama mkubwa wa chama cha wajane alikuwa amesimama mlangoni. Ni mtu wa heshima, hapandishi sauti. Alisema pole pole: “Pasta, tulikuomba mafuta ya mashini, weye ukatupatia maombi.”

Sikuwa na jibu. Mwaka ule mmoja wa wajane alikosa makuta ya shule, na binti yake wa kwanza aliacha masomo. Alikwenda kuuza chakula kwenye machimbo, umri wake ulikuwa miaka kumi na ine. Leo ni mama wa watoto wawili. Ananisalimu vizuri kila mara tunapokutana. Biro yetu ina paa nzuri mpaka leo, na kila mvua inaponyesha juu ya bati zile mimi ninamkumbuka.

MELI ILIYOFIKA NDANI YA MASANDUKU

Sasa nawapeleka ngambo ya ziwa letu, Kigoma, juu kule kuna kitu ambacho baba zetu na babu zetu walikiona kikipita majini, na ambacho kinatufundisha kuliko vitabu vingi. Ni ile meli inayoitwa Liemba.

Mwaka 1913 Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika wakati ule, waliagiza meli kubwa kwa ajili ya ziwa hili. Ilitengenezwa Papenburg, kule Ujerumani, katika kiwanda cha Meyer. Urefu wake ni mita 71 na zaidi, upana kama mita 10. Wakaiita Graf von Goetzen, jina la gavana wao wa zamani.

Fikirini shida yao. Ziwa letu halina njia ya meli kubwa kutoka bahari. Huwezi kuendesha meli toka Ujerumani mpaka Kigoma. Basi wale watu walianza kwa kuwaza safari mbele ya kuwaza meli. Waliiunga kwao kwa buloni, wakaona kama kila kipande kinakaa mahali pake. Kisha wakaifungua yote, kila kipande na alama yake, wakaiweka ndani ya masanduku karibu 5,000. Masanduku yalipanda meli mpaka Dar es Salaam, yakapanda treni mpaka Kigoma, mahali ambapo reli ilifika mwanzo wa mwaka 1914. Fundi Anton Rüter na wenzake wawili walitumwa toka Papenburg kuiunga tena, wakitumika pamoja na mafundi Wahindi na Waafrika wengi. Majina ya wale Wajerumani watatu yameandikwa katika vitabu. Ya Waafrika waliobeba vyuma vile na kupiga riveti, hatuyasikii. Mungu anayajua.

Mwezi wa pili wa mwaka 1915 meli iliingia majini. Lakini vita ilikuwa imekwisha kuanza, na ziwa letu likawa uwanja wa vita ya watu wengine. Hapa kwetu, kwenye mdomo wa Lukuga, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Walizitoa Afrika ya Kusini kwa treni, wakazivusha milima ya Mitumba kwa mashini za mvuke na ngombe, kisha wakazishusha katika mto Lualaba, mpaka treni ya Kabalo ikazifikisha kwetu. Wabelgiji walileta ndege za majini, wakaziweka upande wa Mtoa, kaskazini ya mji wetu. Mwezi wa saba wa mwaka 1916 Wajerumani waliona hawawezi tena kushika Kigoma. Wakaamua kuizamisha meli yao wenyewe, ili adui asiikamate.

Hapa ndipo nataka mwangalie vizuri. Walikuwa wanakimbia. Adui alikuwa karibu. Mtu mwingine angevunja kila kitu kwa nyundo. Lakini mafundi walipaka injini zote grisi nene, kila mahali ambapo maji yanaweza kula chuma. Ndipo wakaizamisha, tarehe 26 ya mwezi wa saba 1916, upande wa mdomo wa mto Malagarasi.

Wabelgiji walijaribu kuitoa, lakini ikazama tena. Waingereza waliitoa mwezi wa tatu wa mwaka 1924. Ilikuwa imekaa miaka karibu minane tangu siku ile ya kwanza. Wakafungua injini, na chini ya ile grisi wakakuta chuma kingali kizima! Wakaisafisha, wakaitengeneza, na mwezi wa tano wa mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya, Liemba.

Na haikuishia pale. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikawekwa injini za mazuti. Mwaka 1993 ikafanyiwa tena matengenezo makubwa. Mwaka 1997, wakati ndugu zetu waliokimbia vita walipoanza kurudi, Umoja wa Mataifa uliitumia meli hii kurudisha maelfu yao toka Kigoma mpaka Uvira. Pengine msomaji mmoja wa ukurasa huu alipanda ndani yake siku zile, na mtoto mgongoni. Mwaka 2015 ilitumika tena kuwaondoa wakimbizi wa Burundi pale Kagunga. Nyuma ya zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imesimama kungoja matengenezo mengine, sawa vile mzee anayengoja muganga, si sawa vile maiti.

Wale mafundi wa 1916 hawakupata faida yoyote ya grisi yao. Walikuwa wakitunza kitu ambacho hakikuwa tena chao. Lakini mimi nilishindwa kubadilisha mafuta ya mashini iliyokuwa inalisha wajane wa kanisa langu mwenyewe.

MAHALI VITU VINAPOUNGANA

Wenye masomo haya wanasema mfumo unaharibika mara nyingi mahali vitu viwili vinapokutana. Kila upande ni mzima, lakini kiungo ni kigonjwa.

Sisi watu wa Kalemie tunalijua jambo hili kwa reli. Reli ya Kabalo ilifika kwetu mwaka 1915, na upana wake kati ya chuma na chuma ulikuwa mita moja. Reli ya Katanga ilikuwa na upana wa milimita 1,067. Tofauti ni ndogo kuliko upana wa kiganja cha mkono. Lakini kwa ajili ya tofauti ile gari la treni la huku halikuweza kutembea kwenye njia ya kule. Katika miaka ya 1950 ilibidi kupanua njia yetu yote ili tuunganike na Kamina. Na ngambo, pale Kigoma, reli ya zamani ni ya mita moja mpaka leo.

Hata wakubwa wa dunia wanaanguka katika viungo. Mwaka 1999 Wamarekani walipoteza chombo chao kilichokuwa kinafika kwenye sayari ya Marsi. Mashini haikuwa na ugonjwa. Kundi moja la mafundi lilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, kundi lingine lilizipokea kama vipimo vya metriki. Hakuna aliyesimama kwenye mlango kati ya nyumba hizo mbili na kuuliza: “Ninyi mnapima kwa nini?”

Katika habari ya mashini yetu, kiungo kilichovunjika hakikuwa ndani ya injini. Kilikuwa kati ya kijana wa mafuta na mchungaji wa hazina. Yeye alijua shida, hakuwa na makuta. Mimi nilikuwa na makuta, sikujua shida, na sikutaka kuijua.

Fungueni Biblia zenu katika Hesabu sura ya 4. Hema ya kukutania ilikuwa ni mfumo unaofunguliwa na kuungwa tena jangwani, sawa vile ile meli. Wana wa Kohathi walibeba vyombo vitakatifu. Wana wa Gershoni walibeba mapazia. Wana wa Merari walibeba mbao, nguzo, vikalio, vigingi na kamba. Na kwa wana wa Merari, Mungu aliagiza kila mtu atajiwe kwa jina kitu atakachobeba. Hata kigingi! Kwa miaka mingi nilisoma sura ile haraka haraka nikifika kwenye habari tamu zaidi. Leo naona sababu. Kama kigingi hakina mwenyewe, kitasahauliwa njiani, na usiku upepo ukija hema yote itaanguka.

SIKU YA KUZIKA

Hatua ya sita ndiyo watu wanaikimbia zaidi: namna ya kumaliza kitu. Ndugu zangu wa migodini, ninyi mnaona jambo hili kwa macho. Shimo linachimbwa kwa haraka, mawe yanaisha, watu wanahama, na shimo linabaki. Mvua inalijaza maji. Mtoto anayechunga mbuzi anapita pale jioni.

Sheria ya migodi ya Kongo, ya mwaka 2002 na iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai wenye migodi watengeneze mahali walipoharibu. Sheria hiyo inafuata wazo lilelile: mgodi una mwisho, na mwisho wake unapaswa kuwazwa mbele ya kupiga sururu ya kwanza. Lakini hata pale ambapo ni watu wadogo wanaochimba kwa mkono, tunaweza kuulizana: shimo hili tukiliacha, ni nani kati yetu atalifukia? Jina lake nani?

Watu wa Manono wanajua upande mwingine wa jambo hili. Wana kituo cha umeme cha Piana Mwanga, kwenye mto Luvua, kilichojengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya mgodi wa bati. Mgodi uliposhindwa na vita ilipopita, umeme nao ukafuata. Mji wote ulikuwa umefungwa kwenye kamba moja. Kamba ilipokatika, hospitali na shule ziliingia gizani pamoja na mashini za bati. Vijana, mkiwaza kitu, wazeni pia nani mwingine amekiegemea.

SANDUKU LA YEHOYADA

Nataka kumaliza na makuhani, juu mimi ni mmoja wao. Katika 2 Wafalme sura ya 12, mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani wachukue fedha zinazoingia hekaluni na kutengeneza mahali palipobomoka. Mwaka wa ishirini na tatu wa utawala wake ukafika, na makuhani walikuwa hawajatengeneza kitu. Biblia haisemi kama waliiba. Pengine walikuwa na shida nyingine nyingi, sawa vile mimi nilikuwa na paa langu. Mfalme aliwaita, akawakataza wasishike tena fedha zile. Ndipo Yehoyada kuhani akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha zilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, na ziliingia moja kwa moja mikononi mwa mafundi. Yehoyada hakuleta mahubiri mapya. Alibadilisha njia ya fedha.

Ilituchukua miaka mitatu kununua mashini ingine. Safari hii hapakuwa na zawadi, tulichanga wenyewe, na ilikuwa mashini ya mkono wa pili. Lakini mbele ya kuinunua tulikaa jioni ine, wamama, vijana na yule fundi mzee wa reli. Mama mkubwa wa wajane alishika kaye. Tuliandika: mashini hii ni ya kazi gani, na ya nani? Mabeseni mangapi kwa siku bila kuichosha? Piesi zake zinapatikana hapa, ao ni za kungoja treni ya Lubumbashi ao mashua ya Kigoma? Tuliacha mashini moja nzuri zaidi kwa sababu ya ulizo lile tu. Ni nani atakayebadilisha mafuta, na akigonjwa, ni nani wa pili? Ni makuta gani ya kila beseni ambayo hayaguswi? Na siku gani tutaiuza ingali inapumua, ili tusaidike kununua ingine?

Kila jibu lina jina la mtu kando yake. Kwenye mstari wa mafuta kuna majina mawili. La pili ni la msichana wa miaka kumi na saba, anayejua sasa kusikiliza injini kuliko mimi ninavyosikiliza kwaya.

Kijana wangu uliyeuliza ulizo, kama Mungu akikufungulia mlango wa masomo yale, nenda. Inchi yetu ina watu wengi wa kukata utepe siku ya kufungua. Inahitaji watu wa mwezi wa tatu, wa mwezi wa tano na wa mwezi wa nane. Lakini usingoje chuo kikuu ndipo uanze. Anza na baisikeli ya baba yako.

KWA JAMAA NA KWA CHAMA CHA VIJANA

Jioni moja ya mwezi huu, kaeni pamoja na kaye moja na kalamu moja.

1. Chagueni kitu kimoja ambacho nyumba yenu ama kanisa lenu linakitegemea: pampu, jenereta, mashua, bati za solei, choo. Andikeni vitu vyote vinavyokisaidia kufanya kazi, na watu pia.

2. Ni wapi vitu viwili ao watu wawili wanakutana bila kusikilizana?

3. Kitu hicho kimeanza kukufa wapi? Ni nani alikwisha kuliona na kuomba msaada? Alipewa jibu gani?

4. Someni Luka 14:28-30. Mtu wa mnara alihesabu gharama ya kujenga. Je, sisi tunahesabu pia gharama ya kutunza?

5. Kila kazi iandikieni jina. Kisha someni majina yale kwa sauti, na muwaombee.

Mkimaliza maombi, nunueni mafuta. Sisi tuna sanduku letu la mbao, lenye tundu juu yake, linakaa ndani ya nyumba ya mashini. Lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mama mkubwa wa wajane, na wa pili uko kwa yule fundi mzee. Mimi mchungaji sina ufunguo, na niliomba mwenyewe iwe hivyo.

Neema ya Bwana ikae nanyi mpaka mwezi ujao.